King'ora cha Moto Kisikike Chumbani: Matumizi ya Nyaya za Umeme Zilizomo Jengoni

Mkazi wa jengo la fleti anapokwenda kulala hufunga milango miwili: ule wa kuingilia nyumbani kwake na ule wa chumba chake. Anafanya vyema, maana mlango uliofungwa huchelewesha moshi. Kwa bahati mbaya huzuia sauti pia. Katika majengo mengi ya zamani nchini Kanada, kengele za moto zilifungwa koridoni tu. Kitambuzi cha moshi kilichomo ndani ya fleti nacho hulia kwa moshi wa fleti hiyo peke yake. Moto wa jirani wa ghorofa ya chini hakina habari nao.

Kanuni ya Taifa ya Ujenzi ya Kanada inataka sauti ya king'ora ifikie desibeli 75 katika chumba cha kulala, milango ikiwa imefungwa. Kanuni hiyohiyo inakataza sauti kuzidi desibeli 110 mahali wanapokaa watu, isije ikadhuru masikio. Tupige hesabu. Tuseme mlango wa fleti unapunguza desibeli 25 na mlango wa chumba unapunguza 15. Ili desibeli 75 zimfikie aliyelala, kengele ya koridoni ingelazimika kutoa 115, ambazo zimekwisha kupita kikomo. Nasi hatujahesabu umbali wala feni inayovuma usiku kucha. Kuongeza ukali wa kengele za koridoni, basi, si dawa. Sauti haina budi kuanzia ndani ya fleti yenyewe.

Dakika chache zina uzito mkubwa hapa. Mnamo Januari 1995 moto ulizuka katika ghorofa ya 5 ya jengo la ghorofa 30 huko North York, Ontario. Watu 6 walifariki katika ngazi, juu sana ya pale moto ulipoanzia. Anayetoka mapema huweza kuzikuta ngazi zikiwa safi. Anayechelewa huweza kukutana na moshi humo.

Njia ya kawaida ya kuingiza king'ora katika kila fleti ni kutandaza nyaya mpya. Kazi hiyo hutaka kutoboa zege na dari za nyumba zenye watu ndani, na katika majengo ya kale huenda ikachokoa asbesto. Ndiyo sababu wahandisi walizielekea nyaya ambazo tayari zimefika kila chumba: nyaya za umeme wa kawaida. Umeme wa nyumbani nchini Kanada hubadili mwelekeo kwa mizunguko 60 kwa sekunde. Juu yake huweza kupandishwa ishara ya mizunguko maelfu mengi kwa sekunde, bila taa wala jokofu kusumbuka. Mtambo mkuu wa king'ora ukigundua moto, kitumaji hutia ishara hiyo katika nyaya, na kipokezi kilichochomekwa kwenye soketi ya chumbani huisoma na kupiga king'ora.

Wazo ni zuri, lakini nyaya hizo hazikuwekwa kwa kazi hii. Umeme wa jengo kubwa huja kwa fezi tatu, na ishara iliyotiwa katika fezi moja huenda isifike katika nyingine pasipo kifaa cha kuziunganisha. Transfoma huidhoofisha. Swichi za kufifiza taa na chaja za bei rahisi hutoa kelele za umeme zinazoifunika, na soketi za kurefusha zenye kinga ya umeme huweza kuimeza kabisa. Kubwa kuliko yote, moto wenyewe unaweza kukata umeme. Kwa hiyo kipokezi kinachofaa kina betri yake, tena hupokea ishara ya ukaguzi mara kwa mara. Ishara hiyo ikikosekana, hutoa mlio wa hitilafu. Kisicho na mambo haya mawili hatukipendekezi, hata kikiuzwa nusu ya bei, kwa kuwa kinaweza kuwa kimekufa miezi mingi na mwenyewe hajui.

Usijinunulie kifaa hiki dukani kwa kutumaini kwamba kitasikilizana na mtambo wa jengo. Mfumo ni mmoja kwa jengo zima: huwekwa na mwenye jengo kupitia fundi aliyeidhinishwa, baada ya idara ya zimamoto ya mahali hapo kuukubali. Wala hauchukui nafasi ya kitambuzi cha moshi. Kiache mahali pake.

Siku ya majaribio ya king'ora, lala kitandani, funga milango yote miwili na uwashe feni kama ilivyo desturi yako. Usiposikia vizuri, mwandikie mwenye jengo, utaje tarehe na chumba, ubaki na nakala. Aliye na mzee au mtu mwenye usikivu hafifu nyumbani aseme hivyo katika barua, kwa sababu vipo vyombo vya sauti nzito, vya mwanga na vya kutikisa mto. Kipokezi kikishawekwa, kiache katika soketi ya ukutani isiyozimwa kwa swichi. Tumeona kwamba adui wake wa kila siku ni mtu anayetafuta pa kuchajia simu.