Kovu la Zamani na Upasuaji wa Kukaza Tumbo

Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima katika mji wa Mwanza, huwapokea wagonjwa wa rufaa kutoka mikoa inayolizunguka Ziwa Viktoria. Miongoni mwao wamo ambao matumbo yao hayana budi kupasuliwa upesi: mama mjamzito ambaye mtoto wake hawezi kuzaliwa kwa njia ya kawaida; kijana ambaye homa ya matumbo imetoboa utumbo wake; msafiri aliyeumia ndani ya tumbo katika ajali. Anayepona hurudi Ukerewe, Sengerema au Magu akiwa na uhai wake, na kovu.

Miaka ipitapo, baadhi ya watu wa namna hii hutamani tumbo lirudie umbo lake la awali. Ngozi imelegea, misuli imeachana, na nguo hazikai vizuri. Upo upasuaji wa kukaza tumbo ambao huweza kuwafaa. Habari zake si ngeni: mwaka 1899 daktari Howard Kelly wa Marekani alitoa taarifa ya kukata ngozi na mafuta yaliyoning'inia tumboni. Hata hivyo, swali moja sharti litangulie kisu: je, tumbo hili limewahi kupasuliwa, na mahali gani? Jibu lake laweza kuamua kama ngozi itaishi au itakufa.

Ukuta wa tumbo na kovu lake

Ukuta wa tumbo una matabaka. Nje kuna ngozi, kisha mafuta, kisha misuli iliyofungwa ndani ya tando ngumu, na ndani kabisa utando laini unaozunguka matumbo. Misuli miwili mirefu husimama wima, mmoja kulia na mmoja kushoto, ikiunganishwa katikati na mshipi mweupe wa nyuzi. Mimba huutanua mshipi huo, na pengine haurudi tena kama ulivyokuwa.

Tabaka lililokatwa haliumbwi upya kama lilivyokuwa. Damu huganda kwanza. Kisha seli za ulinzi husafisha jeraha. Halafu seli nyingine hutengeneza nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Nyuzi hizo hupangwa upya kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi. Hata baada ya hapo, kovu la ngozi hufikia takriban asilimia 80 tu ya nguvu ya ngozi isiyojeruhiwa. Aidha, mishipa mikubwa ya damu iliyokatwa mahali hapo haiungani tena kama zamani.

Njia za damu

Mwaka 1979 daktari Huger aliugawa ukuta wa tumbo katika kanda tatu kufuatana na mishipa inayoulisha. Kanda ya kwanza ni ya katikati. Ateri zake hupita katika ile misuli wima na kutoa vijitawi vinavyopenya hadi kwenye ngozi. Ya pili ni ya chini, karibu na kinena na nyonga. Ya tatu ni ya pembeni, na hulishwa na mishipa itokayo baina ya mbavu na kiunoni.

Mpasuaji akazaye tumbo huchana ngozi kutoka nyonga moja hadi nyingine, kisha huitenga pamoja na mafuta yake kutoka juu ya misuli hadi karibu na mbavu. Huishona misuli iliyoachana, huivuta ngozi kuelekea chini, na kuikata sehemu inayozidi. Katika kazi hiyo hukata mishipa mingi ya kanda ya kwanza na ya pili. Ngozi inayobaki hutegemea hasa damu ya kanda ya tatu.

Mfano wake ni safari ya kutoka Mwanza kwenda Sengerema kabla ya Daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwaka 2025. Kivuko kiliposimama, msafiri alilazimika kuzunguka kwa njia ndefu ya nchi kavu. Laiti njia hiyo nayo ingekatika, asingefika. Kovu la zamani huenda ndilo lililokwisha kuikata njia hiyo ya mzunguko.

Makovu hayalingani

Kovu la mlalo lililo juu ya kinena, ambalo hutokana na mchano ulioelezwa na Pfannenstiel mwaka 1900 na hutumika sana katika kumtoa mtoto, kwa kawaida halileti shida kubwa, kwa kuwa huondolewa pamoja na ngozi inayokatwa. Kovu la wima katikati ya tumbo huzuia damu ya upande mmoja kuvuka kwenda wa pili, lakini kila upande una mishipa yake; linahitaji hadhari. Kovu la kutisha zaidi ni lile linalokwenda mshazari chini ya mbavu za kulia, baada ya upasuaji wa kibofu cha nyongo. Hilo hukata mishipa ya kanda ya tatu yenyewe. Ngozi iliyo kati yake na mchano mpya yaweza kukosa oksijeni, ikawa nyeusi na kufa. Hapo mpasuaji hupunguza eneo la kuitenga ngozi, au hushauri upasuaji usifanyike.

Chini ya kovu huweza pia kujificha ngiri, yaani sehemu ya utumbo iliyojipenyeza katika tundu la misuli. Asiyeichunguza huenda akautoboa utumbo.

Tumbo kubwa si mafuta daima

Kwa watu wa kando ya ziwa lipo jambo lingine la kuangaliwa. Mayai ya vimelea vya kichocho hukwama katika ini na kulitia makovu. Damu itokayo utumboni hukosa njia, bandama huvimba, na maji huweza kujaa tumboni. Hapa pia kovu limeziba njia ya damu, ila kovu lenyewe halionekani. Mgonjwa wa namna hiyo huhitaji tiba ya ugonjwa wake. Kukaza ngozi kungemhatarisha bure.

Kabla ya kisu

Utafiti uliofanyika Bugando na kuchapishwa mwaka 2011 uliwafuata wagonjwa 250 waliofanyiwa upasuaji mkubwa. 65 kati yao walipata maambukizo ya jeraha. Uvutaji wa sigara ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyohusiana na maambukizo hayo. Nikotini hubana mishipa ya damu, na kwa mtu mwenye kovu la zamani madhara yake huzidi. Kwa hiyo mvutaji hutakiwa kuacha wiki kadhaa kabla ya upasuaji. Mama anayetarajia kuzaa tena hushauriwa kungoja, kwani mimba itautanua ukuta upya.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Na azitunze karatasi alizopewa alipotoka hospitali, ataje kila upasuaji aliowahi kufanyiwa, na asione haya kuonyesha kovu lolote. Mpasuaji aweza kuliona kovu kwa macho. Kilichokatwa chini yake hukijua kwa kuambiwa na kwa kuchunguza.