Meli Inayokwepa Moshi Wake

Muthokoi hauivi upesi. Mahindi yaliyokobolewa, yakichanganywa na maharagwe au mbaazi, hukaa motoni saa nyingi, na katika maboma mengi ya Kitui na Makueni, huku Ukambani nchini Kenya, moto wenyewe ni wa kuni kati ya mafiga matatu, ndani ya jiko lenye kidirisha kimoja. Ukiinua macho humo unaona mabati yaliyokuwa yaking'aa sasa ni meusi tititi, na nyuzi za masizi zinaning'inia chini ya paa, zikitikisika kila mlango unapofunguliwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Hiyo peke yake ni sababu tosha ya kutaka kuijua hewa ya Ukambani kwa vipimo.

Lakini kupima hewa kuna mtego. Mpimaji naye hutoa moshi. Gari lililoleta mashine, jenereta inayoziwasha, jirani anayepika hatua chache kutoka hapo: vyote huingia kwenye namba, na mwisho wake unapata takwimu za jenereta yako ukidhani ni takwimu za kaunti. Waliohangaika na mtego huu kuliko wengine wote ni wanasayansi wa meli zinazokwenda Aktiki, eneo linalozunguka ncha ya kaskazini ya dunia. Naamini namna wanavyopanga safari zao inatufaa sana sisi wa nchi kavu.

Kwanza, wanafuata nini kwenye barafu isiyo na kiwanda wala jiko? Katika miaka ya 1950 marubani wa Marekani waliokuwa wakiruka juu ya Aktiki waliripoti ukungu wa rangi ya kahawia uliokuwa ukizuia macho kuona mbali. Mwanasayansi wa hali ya hewa J. Murray Mitchell aliuandikia makala mwaka 1956. Baadaye ilibainika kwamba ukungu ule ni moshi wa viwanda, magari na majiko ya Ulaya na Asia. Wakati wa baridi hewa ya kule huwa nzito na tulivu, mvua ya kuusafisha moshi ni haba, kwa hiyo moshi unaoingia hukaa wiki kadhaa. Masizi yakitua juu ya theluji huifanya inyonye joto la jua badala ya kulirudisha angani, nayo huyeyuka mapema.

Moshi wa Kitui haufiki huko, niseme wazi. Katika hewa ya kwetu masizi hudumu siku chache hadi wiki moja hivi, na ukanda wa mvua wa ikweta huyaosha kabla hayajavuka. Kinachotuunganisha na Aktiki ni ufundi wa kupima.

Safari kubwa kuliko zote za aina hii iliitwa MOSAiC. Meli ya Ujerumani iitwayo Polarstern iliondoka Tromsø, Norway, tarehe 20 Septemba 2019, ikajifunga kwenye pande la barafu mwezi uliofuata, na ikaacha barafu iibebe mwaka mzima hadi iliporudi Bremerhaven Oktoba 2020. Wazo lilikuwa la Fridtjof Nansen, aliyefanya vivyo hivyo kwa meli ya Fram kati ya 1893 na 1896. Maandalizi ya MOSAiC yalichukua miaka mingi: meli za kuvunja barafu za kupeleka mafuta na kubadilisha watu, walinzi wa kufukuza dubu, akiba ya kila kipuri. Na bado mwaka 2020 UVIKO-19 ulivuruga ratiba hata Polarstern ikalazimika kuacha pande lake kwa muda na kwenda karibu na Svalbard kukutana na meli nyingine mbili.

Mimi kinachonivutia zaidi ni kontena lililowekwa kwenye sitaha ya mbele. Humo ndimo zilimokuwa mashine za kuhesabu chembe za hewani, zikivuta hewa kupitia mabomba yaliyotokeza juu ya paa. Yaliwekwa mbele kwa sababu bomba la moshi la meli liko nyuma. Meli inayotembea huelekezwa pua upepo unakotoka, na moshi wake hubaki nyuma. Meli iliyokwama kwenye barafu haigeuki. Upepo ukija kutoka nyuma, mashine hupumua moshi wa injini, wa pikipiki za theluji na wa helikopta. Kwa hiyo baada ya safari watafiti walitengeneza programu inayosoma tabia ya namba zenyewe: moshi wa karibu hupanda na kushuka ghafla, dakika kwa dakika, ilhali moshi uliosafiri kutoka mbali hubadilika polepole. Sehemu kubwa ya vipimo vyao ilionekana kuchafuliwa na kambi yao wenyewe, wakaiweka kando bila kinyongo. Ujasiri wa kutupa namba ulizozigharamia kwa baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri naupenda sana.

Kwetu pia meli zimepita. Mwanzoni mwa 1999, wakati wa kaskazi, wanasayansi wakiongozwa na V. Ramanathan na Paul Crutzen waliendesha utafiti wa INDOEX katika Bahari ya Hindi, wakitumia ndege, kituo cha Maldives, na meli mbili, Ronald H. Brown ya Marekani na Sagar Kanya ya India. Walichagua majira hayo makusudi. Kaskazi, upepo uleule ulioleta majahazi Lamu na Mombasa, hubeba moshi wa Asia ya Kusini kuelekea ikweta, na meli ikikata kwenda kusini inavuka mpaka: upande mmoja hewa imejaa ukungu hadi kimo cha kilomita 3, upande wa pili hewa safi ya bahari. Kwenye Ronald H. Brown mlingoti wa kuvutia hewa ulikuwa na mdomo mita 18 juu ya maji, mbele ya bomba la moshi, na hewa ilivutwa tu pale upepo ulipokuwa unatoka upande unaofaa.

Mwaka huohuo wa 1999 Kenya ilifungua kituo cha kupima hewa kwenye Mlima Kenya, kimo cha mita 3,678, chini ya Idara ya Hali ya Hewa na kwa msaada wa Uswisi. Huko nako mtego ulikuwepo, kwa sura nyingine. Mchana jua hupasha miteremko, na upepo hupanda ukibeba hewa ya mashambani na mijini. Usiku upepo hugeuka, hewa ya juu sana hushuka. Anayetaka kujua hewa ya bara zima hutumia vipimo vya usiku, na anayetaka kujua wanachopumua watu wa chini husoma vya mchana. Kituo kimewahi kusimama vipindi virefu kwa matatizo ya umeme, na hilo ni somo kubwa kuliko lolote la kemia.

Basi safari ya kupima hewa ya Ukambani ningeipanga hivi.

Barabara kuu ya Mombasa inapita Makueni kutoka Mtito Andei hadi Sultan Hamud, ikipanda kaskazini-magharibi, na pembeni yake treni za SGR zinazovutwa na injini za dizeli zimekuwa zikipita tangu 2017. Kuanzia Desemba hadi Machi upepo hutoka kaskazini-mashariki: hupita Kitui kwanza, ndipo huivuka barabara. Kontena moja lingekaa Kitui kusini, pande za Mutomo au Ikutha, likipokea hewa ambayo haijaigusa barabara. La pili lingekaa ng'ambo, chini ya vilima vya Chyulu, likipokea hewa hiyohiyo ikiwa imeshavuka malori na reli. Tofauti kati ya hayo mawili ndiyo barabara. Kipimo kimoja kilichowekwa Makindu kando ya lami hakingetuambia hilo hata kidogo. Kingekuwa kimekaa kwenye bomba la moshi. Makindu tungeihitaji kwa jambo jingine: ina kituo cha hali ya hewa, na bila kujua upepo ulikotoka, namba za chembe ni kelele tu.

Kuanzia Mei mambo hugeuka. Kusi hutoka baharini, huvuka Tsavo, na kufika Ukambani likielekea Mlima Kenya. Huo ndio wakati wa vumbi, wa matanuri ya makaa, na ikikaribia Oktoba, wa kuchoma vichaka ili mashamba yatayarishwe kabla ya vuli. Hapa mashine inaweza kudanganyika. Masizi hupimwa kwa kuvuta hewa kupitia kichujio cheupe na kumulika mwanga: kadiri doa linavyokolea ndivyo mwanga unavyopungua upande wa pili. Lakini udongo wetu mwekundu una chuma, nao pia hunyonya mwanga, hasa wa buluu. Dawa ni kukata chembe kubwa mlangoni, zile zinazozidi maikromita 2.5, kisha kumulika kwa rangi kadhaa. Masizi hunyonya rangi zote, vumbi huchagua.

Baada ya hapo linabaki swali ambalo wananchi na viongozi wamebishana kwa miaka: nani hasa anachafua? Januari 2018 Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku biashara ya makaa kutoka Kitui, na mwezi uliofuata serikali kuu ikasimamisha ukataji miti, marufuku ambayo Rais William Ruto aliiondoa Julai 2023. Wachoma makaa walisema wanaonewa huku malori yakipita. Kichujio kinaweza kujibu. Mti ulio hai una kaboni 14, ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730. Dizeli imekaa ardhini mamilioni ya miaka, haina hata chembe. Ukipeleka masizi maabara, kiasi cha kaboni 14 kinaonyesha ni sehemu gani imetoka kwenye mgunga na kuni, na ni ipi imetoka kwenye tangi la lori. Watafiti wa Stockholm na wenzao wa Nairobi walitumia njia hii kwa hewa ya jiji, na mwaka 2022 wakaripoti kwamba sehemu kubwa ya masizi ya Nairobi inatokana na mafuta ya petroli na dizeli. Kwenye mlima Mugogo, Rwanda, jibu lilikuwa kinyume: moto wa nyika ndio uliotawala. Ukambani iko katikati ya dunia hizo mbili, na mchoma makaa wa Ikutha ana haki ya kuhukumiwa kwa hewa iliyopimwa.

Watu wa kuifanya kazi hii wapo. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, watafiti wa misitu wako Kitui, wa kilimo wako Kiboko. Fedha pia zina mlango: Makueni ilipitisha kanuni za mfuko wa mabadiliko ya tabianchi mwaka 2015, kaunti ya kwanza nchini kufanya hivyo, zikitenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo na kuzipa kamati za wadi nafasi ya kuchagua miradi. Miradi inayochaguliwa huwa ya maji kwanza, na siwezi kuibishia kamati yoyote ya Ukambani juu ya maji. Lakini kontena lenye paneli za sola na betri, katika nchi yenye jua hili, halihitaji jenereta, na kwa kuondoa jenereta tu umeshakwepa nusu ya mtego uliowatesa watu wa Polarstern. Nusu iliyobaki, yaani pikipiki inayopita, jirani anayewasha kuni saa kumi na mbili jioni, inachujwa na programu ileile ya kutazama namba zinazoruka ghafla. Isipokuwa moshi wa jirani usitupwe. Aktiki moshi wa karibu ni takataka. Kitui ndio unaoingia mapafuni mwa mama na mtoto aliyembeba mgongoni, na unastahili daftari lake, pamoja na kipimo kidogo kinachovaliwa begani siku ya kupika muthokoi.

Kontena la tatu ningelipeleka Mwingi, kwenye bonde la Mui. Chini ya ardhi ile kuna makaa ya mawe, na mazungumzo ya kuyachimba yamekuwa yakizimika na kuwaka kwa zaidi ya miaka 10. Siku yakianza kuchimbwa, wakazi watahitaji kuonyesha hewa yao ilikuwaje kabla ya hapo, kaskazi na kusi, mchana na usiku, kwa angalau mwaka mmoja kamili. Hilo la Mui ndilo ningeanza nalo.