Kufundisha Kiingereza Karibea: Stakabadhi kwanza, tikiti baadaye

MWALIMU aliyesajiliwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) kisha akakaa miaka kadhaa bila kuitwa kazini hawezi kulaumiwa akitupa jicho ng'ambo. Miongoni mwa matangazo yanayomvutia ni yale ya kufundisha Kiingereza katika visiwa vya Karibea, aghalabu yakiandamana na picha za fuo na minazi, kana kwamba sisi hatuna Diani.

Wengi hukosea tangu kuchagua kisiwa. Jamaika, Barbados na Trinidad zimetumia Kiingereza tangu enzi za ukoloni na zina walimu wake. Jamaika hata hupoteza walimu wengi wanaohamia Uingereza na Marekani. Kazi ya kufunza Kiingereza kama lugha ya kigeni hupatikana kule ambako lugha hiyo ni ngeni.

Puerto Rico huzungumza Kihispania, lakini sheria zake za uhamiaji ni za Marekani. Martinique na Guadeloupe nazo zimekuwa mikoa ya Ufaransa tangu 1946. Hivyo basi, msako wa wengi huishia Jamhuri ya Dominika.

Taifa hilo linalozungumza Kihispania liko mashariki mwa kisiwa cha Hispaniola. Magharibi mwa kisiwa hicho ni Haiti, walikoanza kutua polisi wa Kenya Juni 2024. Lisichanganywe na Dominica, kisiwa kidogo ambacho lugha yake rasmi ni Kiingereza. Barua ya ajira inayotaja mji wa Santo Domingo katika aya moja na Roseau katika nyingine ni ya kutiliwa shaka.

Kiingereza kinahitajika huko kwa sababu ya riziki. Hoteli za Punta Cana na Puerto Plata hutegemea watalii, na vituo vya simu huwahudumia wateja wa kampuni za Marekani. Fauka ya hayo, timu zote 30 za ligi kuu ya besiboli ya Marekani zina vituo vya kukuza vipaji nchini humo, ambako vijana hufunzwa Kiingereza pamoja na mchezo.

Shule za kibinafsi zinazofundisha kwa lugha mbili ndizo zenye ajira ya kutegemewa. Taasisi za lugha aghalabu hulipa kwa saa, na saa zikipungua, mshahara nao hupungua. Muhula wa kwanza huanza mwishoni mwa Agosti au mapema Septemba. Afadhali maombi yatumwe miezi kadhaa kabla.

Shahada huhitajika, pamoja na cheti cha kufunza Kiingereza kwa wageni (TEFL), kwa kawaida cha saa 120. Matangazo mengi hudai 'mzungumzaji asilia', maneno ambayo mara nyingi humaanisha pasipoti ya Marekani, Uingereza au Kanada. Ni ubaguzi, lakini upo. Mkenya aliyesomea masomo yake yote kwa Kiingereza ajitetee kwa kutuma video ya somo analolifundisha.

Kikwazo kikubwa zaidi ni sheria. Kanuni ya Kazi ya 1992 inataka angalau asilimia 80 ya wafanyakazi wa kampuni wawe raia wa nchi hiyo. Mwajiri asiyetaka usumbufu huweza kumshawishi mgeni aingie kama mtalii, aanze kazi, 'makaratasi yatafuata'.

Kwa Mwafrika, ushauri huo ni hatari. Oktoba 2024 serikali ya huko ilitangaza lengo la kuwatimua hadi watu 10,000 kwa wiki, hasa raia wa Haiti wasio na vibali. Mapema, Novemba 2022, ubalozi wa Marekani ulikuwa umewaonya raia wake weusi kwamba wangeweza kuzuiliwa kwa sababu ya rangi yao. Ikiwa pasipoti ya Marekani haikutosha kumkinga mtu, Mkenya asiye na kibali atajitetea kwa nini, tena kwa Kihispania asichokijua?

Kwa hivyo, mkataba uliotiwa saini na viza ya kazi vitangulie safari. Vyeti vya masomo na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi vithibitishwe rasmi na kutafsiriwa kwa Kihispania. Anayepitia Marekani akumbuke kwamba hata kubadilisha ndege tu huko huhitaji viza.

Wakala yeyote anayeitisha pesa achunguzwe kwanza iwapo ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA).

Swali moja pia liulizwe kabla ya kutia saini: mkataba unasemaje kuhusu mshahara wa Krismasi? Sheria ya huko humlazimu mwajiri kuulipa kufikia Desemba 20. Mwajiri halisi wa Santo Domingo ataelewa mara moja. Tapeli aliyejificha jijini Nairobi huenda akababaika.