Mtoto anaharisha: apewe maji au anyimwe?

Kila mvua zinapoanza, swali hili hurudi kwenye simu za kipindi chetu: "Mtangazaji, mtoto anaharisha tangu jana. Nikimpa maji, si ndiyo namzidishia?"

Hapana. Mara nyingi kinachoua si choo chenyewe, bali maji na chumvi zinazotoka mwilini bila kurudishwa. Utumbo unaoumwa bado hufyonza maji yakiwa na sukari na chumvi kwa kipimo sahihi, na hiyo ndiyo kazi ya ORS. Mwaka 1971, kipindupindu kilipoingia katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh nchini India, Dk. Dilip Mahalanabis alipungukiwa dripu, akawanywesha wagonjwa mchanganyiko huo. Vifo vilishuka kutoka takriban 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Nimpe vipi? Pakiti ya lita moja changanya na lita moja kamili ya maji safi na salama. Usipunguze maji ili "iwe kali". Chumvi ikizidi ni hatari. Aliye chini ya miaka 2 anywe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha. Mkubwa zaidi, 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kijiko kimoja kimoja. Iliyobaki baada ya saa 24 imwage. Aendelee kunyonya na kula.

Na zinki? Tangu 2004, WHO na UNICEF wanashauri mtoto apewe zinki kila siku, kwa siku 10 hadi 14. Usikatishe hata akipata nafuu mapema.

Antibiotiki je? Kuharisha kwingi kwa watoto husababishwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi. Dawa za kufunga tumbo nazo usimpe mtoto.

Niende hospitali lini? Usisubiri kupambazuke ukiona damu kwenye choo, macho yamedidimia, mtoto amelegea, hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, au amepata degedege. Njiani endelea kumnywesha kama anaweza kumeza.

Mwenyewe niliwahi kumnyima mwanangu maji usiku kucha, nikidhani namsaidia. Asubuhi alikuwa analia bila machozi. Alipona, lakini tangu siku hiyo pakiti mbili za ORS hazikosi kabatini kwangu.