Mkurugenzi Mkuu na Hisa Zake: Je, ni Mshahara?

Katika madarasa ya itikadi swali hili huzuka kila tunapofika kwenye somo la matabaka: mkurugenzi mkuu wa kampuni kubwa tumweke wapi? Kampuni si mali yake. Ameajiriwa kwa mkataba, hupokea mshahara, na bodi ya wakurugenzi ikimchoka humwondoa kama inavyomwondoa tarishi. Kwa hiyo wako makada wanaosema kwamba naye ni mfanyakazi, ila mfanyakazi anayelipwa sana, na kwamba ubishi uliobaki ni wa kiasi tu: je, amezidishiwa au hakuzidishiwa? Sisi tunaona kwamba hoja hii imekosea tangu hatua ya kwanza. Huwezi kupima kama fedha imezidi kabla ya kujua ni fedha ya namna gani.

Tuchukue mfano ambao wakulima wetu wa kahawa hawako mbali nao. Starbucks ni kampuni ya Marekani inayouza kahawa ya kikombe katika nchi nyingi, na miongoni mwa nchi inakonunua kahawa mbichi ni Tanzania. Septemba 2024 ilipata mkurugenzi mkuu mpya, Brian Niccol. Mwaka wa hesabu wa kampuni ile ulikwisha mwezi huohuo, yaani ulimkuta kazini kwa wiki chache tu. Malipo yaliyoandikwa kwa jina lake katika mwaka huo yalikuwa kiasi cha dola milioni 95.8. Mfanyakazi wa katikati wa kampuni hiyo, yaani yule ambaye nusu ya wenzake hupata zaidi yake na nusu hupata pungufu, alipata dola 14,674. Ni haki kueleza kwamba wengi wa wafanyakazi hao ni wa kuuza kahawa madukani, na hupewa saa chache za kazi kwa wiki. Kampuni yenyewe, ilipokokotoa malipo ya mkubwa wake kana kwamba alifanya kazi mwaka mzima, ilitangaza uwiano wa 6,666 kwa 1.

Lakini tusishangae tarakimu tukasahau kuichambua. Katika zile dola milioni 95.8, karibu milioni 90 hazikuwa mshahara hata kidogo. Zilikuwa hisa, ambazo atakabidhiwa kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, na sehemu kubwa ya hisa hizo ilikuwa fidia ya zile alizoziacha katika kampuni aliyotoka. Maana yake alilipwa kwa ajili ya mali aliyoiacha kwingine. Hapo jasho limeingia wapi?

Haikuwa hivyo sikuzote, hata huko Marekani. Kwa hesabu za taasisi ya Economic Policy Institute, mwaka 1965 wakuu wa makampuni makubwa walipata kama mara 20 ya mfanyakazi wa kawaida. Mwaka 2021 walipata karibu mara 400. Watetezi wa hali hii wana jibu, nasi lazima tulijibu kwa hoja wala si kwa kelele. Wanasema makampuni yamekua, na kosa dogo la mkuu wa kampuni kubwa hugharimu fedha nyingi, hivyo soko humlipa kwa ukubwa wa dhamana yake. Wachumi Xavier Gabaix na Augustin Landier waliandika hivyo mwaka 2008: kati ya 1980 na 2003 thamani ya makampuni ilipanda mara sita, na malipo ya wakuu wake yakapanda mara sita. Hesabu hiyo yaonekana safi. Bahati mbaya kwao, mwaka 2010 Carola Frydman na Raven Saks walichunguza kipindi kirefu zaidi wakakuta kwamba tangu baada ya Vita Kuu ya Pili hadi katikati ya miaka ya 1970 makampuni yalikua sana, lakini malipo ya wakuu wake yalipanda polepole mno. Ikiwa ukubwa ndio sababu, sababu hiyo ilikuwa imelala wapi kwa miaka 30?

Kilichobadilika ni nguvu za matabaka. Vyama vya wafanyakazi vilidhoofishwa. Kodi ya kipato cha juu kabisa, iliyokuwa asilimia 70 hadi 1981, ilikuwa imeshushwa hadi asilimia 28 ilipofika 1988. Mkubwa akawa na sababu mpya ya kudai zaidi, maana sasa alichodai kilibaki mfukoni. Mwaka 1982 serikali ya huko ilirahisisha njia ya kampuni kununua hisa zake yenyewe sokoni. Kisha mwaka 1993 likaja jambo la kuchekesha: kwa nia ya kubana malipo makubwa, sheria iliikataza kampuni kuondoa katika hesabu za kodi mshahara wa mkuu unaozidi dola milioni moja, isipokuwa malipo yanayofuata mafanikio ya kampuni. Basi makampuni yakaacha mshahara kwenye milioni moja, yakamwaga hisa. Mlango huo ulifungwa mwaka 2017, wakati nyumba ilikwisha kuwa tupu.

Tueleze sasa namna mtambo huu unavyofanya kazi, maana hapa ndipo penye kiini. Tuseme hisa moja ni dola 50. Mkurugenzi mkuu hupewa haki ya kununua hisa milioni moja kwa bei hiyo ya leo, wakati wowote ndani ya miaka 10. Hisa ikifika dola 80, hununua kwa 50, huuza kwa 80, na kubaki na dola milioni 30. Ikishuka, haitumii haki yake wala hadaiwi senti. Hivyo kila anachokiwaza kazini ni bei ya hisa. Bei hiyo yaweza kupanda kwa uvumbuzi na kazi njema, hatukatai. Yaweza pia kupanda kwa sababu soko lote limepanda, yeye akiwa amelala. Na yaweza kupanda kwa njia mbili zilizo mkononi mwake: kupunguza wafanyakazi, au kutumia faida kununua hisa za kampuni ili zilizobaki ziwe chache na kila moja ipande thamani. Mkate ni uleule, walaji wamepunguzwa. Fedha ambayo ingeongeza mishahara au kununua mashine mpya imepita katika hisa, na mmoja wa wenye hisa ni yeye aliyeamua ipite huko.

Marx aliwahi kueleza kwamba kiongozi wa kikundi cha muziki hana haja ya kumiliki vyombo vinavyopigwa; kazi ya kuongoza ni kazi ya kweli, nayo inaweza kutengana na umiliki. Ndivyo ilivyo. Kusimamia kiwanda ni kazi, na yastahili ujira mzuri kuliko kazi isiyohitaji ujuzi. Lakini ubepari, baada ya kumtenga msimamizi na mwenye mali, ulimrudisha kwa mlango wa nyuma. Ulimgawia mali ili awasimamie wenzake kwa macho ya mwenye mali. Kwa hiyo tunapouliza kama mkurugenzi mkuu analipwa kupita kiasi, tutenganishe mafungu mawili. Lile la kwanza ni ujira, nalo lina kipimo: Mondragón, vyama vya ushirika vya kaskazini mwa Hispania vilivyoanza mwaka 1956, viliendesha viwanda vikubwa kwa tofauti ya malipo ya mara 3, baadaye kama mara 6. Lile la pili ni fungu la thamani ya ziada. Hilo halina kipimo, maana hutegemea tu nguvu ya anayelichukua.

Uswisi ilijaribu kuweka kikomo. Novemba 2013 wananchi walipiga kura kama mkubwa wa kampuni azuiwe kupata kwa mwezi mmoja zaidi ya anachopata mtu wa chini kwa mwaka. Wapiga kura 65 katika kila 100 walikataa, wengi wakiogopa makampuni yasihame.

Kwetu tofauti hii ya ujira na mali si ngeni. Miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha, 1967, ilimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili, na papo hapo ikamkataza kuwa na hisa katika kampuni yoyote au kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Walioandika miiko ile walijua kwamba mshahara peke yake hautoshi kutuonyesha mtu yuko upande gani. Makubaliano ya Zanzibar ya 1991 yalilegeza masharti hayo. Mwaka 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba mkuu wa shirika la umma asilipwe zaidi ya shilingi milioni 15 kwa mwezi, kikomo chake kiligusa fungu la kwanza. La pili liliachiwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, ambayo humtaka kiongozi azitaje mali zake, lakini haimkatazi kuwa na hisa.