Rimu Zilizotupwa Mkono

Weusi ule uliochanganyika na kahawia unaozifunika rimu za mbele za gari, ambao wenye magari walio wengi huuhesabu kuwa ni vumbi la njiani, aghalabu hautoki njiani hata kidogo, bali watoka ndani ya gari lenyewe. Kwani kila dereva akanyagapo breki, pedi huibana diski ya chuma, vyote viwili vikasagika, na unga mwembamba ukaruka ungali na moto ukaiangukia rimu. Breki za mbele ndizo zibebazo sehemu kubwa ya kazi ya kulisimamisha gari, na kwa hiyo rimu za mbele huchafuka upesi kuliko za nyuma. Unga huo ukiwahiwa huondoka kwa maji na sabuni tu. Lakini ukiachwa mwezi baada ya mwezi, ukanyeshewa, ukakauka, ukalowa tena, hushika kutu papo hapo ulipokaa na kujizamisha katika tabaka ya rangi, na hapo hata usugue kutwa kucha, vidoadoa vyekundu haviondoki.

Wako wadhanio kwamba kuzisafisha rimu kama hizo ni kutafuta urembo. Mimi naona vingine. Rimu ndiyo ipokeayo pigo la kila shimo la barabara, na ufa wake mara nyingi huanzia upande wa ndani, ambako mkono wa mwosha magari haufiki. Basi rimu iliyogandamana tope na masizi huweza kuuficha ufa huo hadi siku tairi litakapotoka upepo ghafla gari likiwa mbioni. Anayeiosha rimu sawasawa huwa anaikagua, na faida hiyo naiona kubwa kuliko mng'aro wote.

Kazi huanza rimu ikiwa imepoa, maana maji baridi yakimwagwa juu ya diski yenye moto mkali huweza kuipinda, na sabuni nayo hukauka kabla ya kufanya kazi yake. Gari na liinuliwe kwa jeki, liegemezwe juu ya stendi madhubuti, gurudumu livuliwe. Likiwa limeng'ang'ania kwa kutu, ligongwe tairi kutoka nyuma, upande huu na upande huu, wala isigongwe rimu yenyewe. Maji mengi hutangulia ili yauchukue mchanga, kisha hufuata sabuni ya maji na brashi laini, na mswaki mkuukuu kwa ajili ya matundu ya nati. Stilwaya isikaribie kabisa, kwa kuwa huondoa uchafu na rangi pamoja. Lami hulegea kwa kitambaa kilichotiwa mafuta ya taa kidogo, mahali hapo pakaoshwa tena mara moja, mafuta yasije yakakawia kwenye mpira wa tairi.

Vidoa vya chuma vilivyosalia vina dawa yao mahsusi, na kuitazama ikifanya kazi kunapendeza: hupulizwa juu ya rimu, na baada ya dakika chache michirizi ya zambarau huanza kuteremka, kila mchirizi ukiwa ni dalili ya chuma kilichoachia. Harufu yake mbaya waijua vyema wanawake waliopata kutia dawa ya kukunja nywele, kwani kiambato kikuu ni cha aina moja, nacho ni thioglikoleti. Isiachwe ikakauka, ioshwe kwa maji tele. Mbali na hiyo ziko asidi kali zing'arishazo rimu kwa mfuto mmoja, na baadhi yake zina asidi ya hidrofloriki, ambayo huweza kupenya ngozi pasipo kuuma wakati ule, ikaja kudhuru mpaka mfupa. Nawasihi wenye sehemu za kuoshea magari wasiwape vijana wao dawa ya namna hiyo katika chupa isiyo na jina. Hakuna rimu yenye thamani ya kidole cha mtu.

Rimu za aloi, yaani zilizosubiwa kwa alumini iliyochanganywa na silikoni na magnesi kidogo, si jambo la jana. Ettore Bugatti alilifunga gari lake la mashindano la Type 35 rimu za alumini tangu mwaka 1924. Alumini haishiki kutu nyekundu, maana hujivika yenyewe utando mwembamba wa kuihifadhi, lakini chumvi huutoboa. Rangi ikichubuka kwa jiwe au kwa ukingo wa barabara, chumvi hupita pale na kutambaa chini ya rangi, ikichora vijia vyeupe mithili ya njia za mchwa ukutani. Na maradhi haya huyapata magari ya mwambao wetu, na hata yale yashukayo Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani, ikiwa yalitumika kaskazini ya nchi ile ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Kuyafunika kwa rangi mpya ni kujidanganya. Fundi hana budi kupiga msasa hadi alumini safi, aanze na namba 240, apande 400 na 600, apanguse mafuta yote, ndipo atie praima ifaayo kwa alumini, rangi, na klia juu yake.

Mahali pawili pasipakwe rangi nzito: uso wa nyuma unaokutana na habu, na vikombe zikaliapo nati. Rangi hubonyea, nati zikalegea. Ukingo lilalapo tairi nao usafishwe kutu na ukungu mweupe, kwa kuwa ndipo upepo uvujapo polepole na mwenye gari akalaumu tairi lisilo na kosa.

Kuhusu kuinyoosha rimu ya aloi kwa moto wa gesi na nyundo, naikataza desturi hiyo. Rimu nyingi za aina hii zilipata nguvu zake kwa kupashwa moto kiwandani kwa kipimo maalumu, na moto wa kukisia huziharibu nguvu hizo pasipo alama ionekanayo. Iliyopasuka na itupwe.

Gurudumu likisharudishwa libalansiwe upya, maana tope lililoondoka lilikuwa na uzito wake. Nati zikazwe kwa kukingamana, kwa kipimo cha mtengenezaji wa gari, na baada ya kilomita 50 hadi 100 zijaribiwe tena kwa spana, kwa kuwa chuma kilichosuguliwa kutu huhitaji mwendo kidogo kabla ya kukaa mahali pake.