Nyayo Zilizofukiwa

Mgeni anayefika Laetoli, kusini mwa Oldupai katika eneo la Ngorongoro, akidhani ataziona nyayo zilizotajwa dunia nzima, hukuta mawe meusi ya volkano yamepangwa juu ya udongo. Nyayo zimo chini yake, zimefukiwa makusudi. Utamwelimishaje mtu kuhusu kitu usichoweza kumwonyesha?

Timu ya mwanaakiolojia Mary Leakey ilizigundua mwaka 1978. Miaka milioni 3.66 iliyopita, viumbe wapatao watatu waliotembea wima walikanyaga majivu ya volkano yaliyoloweshwa na manyunyu, na majivu hayo yakakauka yakawa magumu kama saruji. Hata matone ya mvua ile yaliacha vishimo. Shuleni watoto wetu hukariri fuvu la Zinjanthropus na mwaka wa kugunduliwa kwake, 1959, basi. Kishimo cha tone la mvua kingewafaa zaidi, maana mtoto anaweza kukitazama na kuuliza swali lake mwenyewe.

Zilipofukiwa mara ya kwanza, mchanga ulikuja na mbegu za migunga, na mawe yaliyowekwa juu yakaikinga miche isiliwe na mifugo. Mizizi ikaanza kuzifuata nyayo. Mwaka 1995 na 1996, Idara ya Mambo ya Kale pamoja na Getty Conservation Institute ya Marekani walifukua upya, wakaondoa mizizi, wakapima na kupiga picha, kisha wakafukia tena kwa mchanga uliochekechwa, vitambaa maalumu na dawa ya kuzuia mizizi.

Hapo fundi akamhitaji jirani. Vitambaa imara vya namna ile vina matumizi mengi kwenye boma la mfugaji, na mlinzi mmoja hawezi kukesha miaka yote. Wazee wa Kimaasai wakaitwa mikutanoni, wakaelezwa kilichomo ardhini na kwa nini kinafukiwa. Laiboni, kiongozi wao wa kidini, akaongoza ibada, kondoo akachinjwa, eneo likawekwa chini ya heshima ya imani yao. Mlinzi husinzia, katazo la laiboni halisinzii. Vipeperushi vingapi vingefanya kazi hiyo?

Baadaye ukaja mpango wa kujenga makumbusho palepale Laetoli, na sheria ya kawaida ni kuchimba mashimo ya majaribio kwanza. Takriban mita 150 kutoka nyayo za awali, timu ya Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikakuta nyayo nyingine, na taarifa ikachapishwa Desemba 2016. Mmoja wa walioziacha nyayo hizo alikadiriwa kuwa na kimo cha sentimita 165, kwa kupima unyayo wa sentimita 26 hivi. Hesabu ya jinsi hiyo haihitaji maabara. Kwa binadamu wa leo unyayo ni karibu asilimia 15 ya kimo. Ndoo ya maji, uwanja wenye vumbi na rula vinatosha kwa kipindi kizima cha darasa.

Wapo wanaotaka nyayo zifunuliwe na kujengewa paa ili watalii waje. Mimi sina haraka hiyo. Paa litadai unyevu udhibitiwe, mifereji isizibe, na mtaalamu awepo mwaka mzima, tena mbali na mji. Makumbusho ya Oldupai tayari yana nakala, na magari ya watalii hupita huko. Nakala nyingine ingepelekwa kijijini Endulen, ikalazwa kwenye ua wa shule, watoto wa wafugaji wakalinganisha miguu yao na kubishana nani alikuwa mrefu. Gharama yake ni plasta na lori moja.